Namna ya Kuchagua Prosesere na Karte Grafike kwa Ordinatere ya Michezo



Kuna ulizo moja linalosikiwa mara nyingi wakati wa mapumziko: "Yaya, ordinatere gani iko muzuri ya kuchezea?" Na jibu linalotolewa mara nyingi ni jina tu: "Kamata i7," ao "Tafuta karte ya giga 4." Jibu la namna hii ni fupi, lakini linaweza kupoteza feza ya jamaa nzima. Ordinatere haina bei ya mkate. Feza ile inatoka ku mfuko wa baba ao mama, ao ku mshahara wa kaka mkubwa, na pengine ingetosha kulipa minervale ya mwaka. Tunapashwa basi kujifunza kuchagua na akili, si na jina.

Neno kubwa la somo hili ni moja: usianze na prosesere wala na karte. Anza na mchezo unaotaka, na ekra uliyo nayo, na umeme wa nyumba yenu. Vile vitatu ndivyo vitakuambia karte gani. Kisha karte itakuambia prosesere gani. Ukigeuza ule utaratibu, utalipa mara mbili.

I. KAZI YA KILA KIMOJA

Tufikiri juu ya kazi ya mgodi. Kuna kapita mmoja mwenye akili, na kuna wafanyakazi elfu wenye sepeteo. Kapita anasoma karatasi, anaamua, anagawanya kazi: "Ninyi huku, ninyi kule." Wafanyakazi hawaamui kitu, kila mmoja anachimba kidogo chake, lakini wote wanachimba kwa wakati mmoja.

Prosesere ndiyo kapita. Ndiyo inahesabu mpira umeruka wapi, adui amepita mlango gani, gari imegonga ukuta ao hapana. Iko na viini vichache, kama 4, 6 ao 8, lakini kila kiini kina akili nyingi na mbio nyingi. Karte grafike ndiyo kundi la wafanyakazi. Viini vyake ni vidogo, lakini ni vingi sana: GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 iko nayo 896, na RTX 3050 ya giga 6, iliyotoka 2024, iko nayo 2304.

Juu ya nini wengi hivi? Tuhesabu. Ekra ya kawaida ya leo iko na nukta 1920 kwa upana na nukta 1080 kwa urefu. Zidisha: ni nukta 2,073,600. Kila nukta inapashwa kupewa rangi yake. Ili mchezo uende laini bila kukwamakwama, tunataka picha 60 kwa kila segonde. Zidisha tena: ni nukta 124,416,000 kwa segonde moja. Kapita peke yake hawezi kazi ile.

Sasa angalieni hatari mbili. Ya kwanza: kapita mwerevu sana na wafanyakazi 20 tu. Atatoa amri mbio, lakini udongo hautatoka. Ya pili: wafanyakazi elfu tatu na kapita mzee anayesoma karatasi polepole. Wafanyakazi wataketi chini wakingojea amri. Katika hali zote mbili, mmoja analipwa bure. Ndiyo maana hatuulizi tu "ipi iko na nguvu?" Tunauliza "hizi mbili zinafaana?"

Tuseme pia neno moja juu ya bei. Intel ilianzishwa mwaka 1968, AMD mwaka 1969, NVIDIA mwaka 1993, na zote tatu ziko na makao katika mji mmoja, Santa Clara, kule California. Ndani ya vitu vyao muna vitu vya kwetu. Mpaka mwisho wa miaka ya 1990, njia ndogo za umeme ndani ya prosesere zilikuwa za aluminyumu. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba imeweza kutumia shaba, na wengine wakafuata. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Bati inashikamanisha vipande ku karte, na tantali inayotoka ku koltani inatumiwa katika vipande vidogo vinavyotunza umeme. Lakini uzito wa madini ndani ya karte ni kidogo, na bei yake ni kubwa. Tofauti ile ni bei ya maarifa. Mtu anayenunua bila kujua analipa maarifa ya wengine, na tena analipa ujinga wake mwenyewe juu yake.

II. ANZA NA MCHEZO, KISHA EKRA

Andika ku karatasi michezo mitatu unayotaka kweli, si ile uliyoisikia tu. Michezo haiombi kitu kimoja.

(a) Michezo ya mpira, kama eFootball ao EA Sports FC, haiombi karte ya ajabu. Karte ya kadiri inatosha.

(b) Michezo ya kupiga risasi kwa mashindano, kama Valorant ya mwaka 2020 ao Counter-Strike 2 ya mwaka 2023, inategemea sana prosesere, zaidi kwa mtu anayetaka picha nyingi kwa segonde.

(c) Michezo ya kuongoza timu ao kujenga, kama Football Manager na Minecraft, inaomba prosesere na memware kuliko karte.

(d) Michezo mikubwa ya picha nzito, kama Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020, inakula karte kabisa.

(e) GTA V ilitoka mwaka 2013, na ku ordinatere ikafika mwaka 2015. Ni mchezo wa zamani sasa. Karte ndogo ya leo inauweza. Anayekuambia lazima ununue mashini kubwa juu ya GTA V, anataka tu kuuzisha.

Kisha angalia ekra. Ekra ya nukta 1280 kwa 720 iko na nukta 921,600, haifiki nusu ya ile ya 1920 kwa 1080. Ile ya 3840 kwa 2160 iko na nukta 8,294,400, ni kusema mara nne kamili ya ile ya 1920 kwa 1080. Basi karte inayotosha kwa ekra ndogo inaweza kushindwa kabisa ku ekra kubwa. Na kinyume chake: ukinunua karte ya bei kali na ukaifunga ku ekra ya zamani inayoonyesha picha 60 tu kwa segonde, picha 150 ambazo karte inatengeneza hutaziona zote. Umelipa kwa macho ambayo hauko nayo.

III. UMEME WA NYUMBA YENU

Hapa vitabu na watu wa ngambo hawawezi kutusaidia sana, maana wao wanawasha na umeme unakuja. Sisi tunajua namna iko kwetu. Umeme wa Lubumbashi unatoka ku maji: ku Mwadingusha na Koni ku mto Lufira, ku Nzilo na Nseke ku mto Lualaba, na ku Inga kwa njia ndefu inayofika Kolwezi tangu mwaka 1982. Pamoja na hayo delestaji tunaijua sote, na magaribi, wakati kila nyumba imewasha resho, voti zinashuka.

Kwanza, tuhesabu wati. Karte zinaandikwa wati zake za juu kabisa:

GTX 1650: wati 75.
RTX 3050 ya giga 6: wati 70.
Radeon RX 6600: wati 132.
RTX 4060: wati 115.
RTX 5090: wati 575.

Tuseme mashini ya kadiri, pamoja na prosesere, karte ya wati 70 na ekra, inakula wati 200 wakati wa kucheza. Ukicheza saa 2 kila siku kwa siku 30, ni kilowati-saa 12. Mashini kubwa ya RTX 5090 na ndugu zake inaweza kufika wati 900. Kwa saa zilezile ni kilowati-saa 54.

Sasa tuone nyumba yenye batri. Batri ya voti 12 na amperi-saa 100 iko na wati-saa 1200. Batri ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, basi tuko na 600. Mashini ya wati 200 itaenda karibu saa 3, tena pungufu kidogo juu ya kile kinachopotea ndani ya mashini ya kugeuza umeme. Ile ya wati 900 itaenda dakika 40, na batri ile itaumia. Na grupe kidogo ya wati 650 haiiwezi hata kidogo. Basi kwetu karte ya wati chache si karte ya maskini. Ni karte itakayocheza siku nyingi kuliko ile inayongoja umeme.

Pili, tunza mashini. Ondilere, hata kidogo, inakupa dakika chache za kufunga kazi vizuri umeme ukikatika. Stabilizatere inasaidia wakati voti zinapanda na kushuka. Ukikosa vyote viwili, chomoa mashini ku ukuta umeme unapokatika, na usiirudishe hapohapo unaporudi. Ngoja dakika chache. Feza ya ondilere iwekwe ku hesabu tangu mwanzo, si kisha ya kununua karte.

Tatu, vumbi. Kutoka mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9 mvua hakuna, na vumbi nyekundu inaingia kila fasi. Inaziba ventilatere, joto linapanda, na prosesere ao karte inapunguza mbio yake yenyewe ili isiungue. Mtu anasema, "Mashini yangu imezeeka," kumbe iko na vumbi tu. Fungua sanduku kila mwezi wakati wa jua, umeme ukiwa umechomolewa, ushike ventilatere na kidole isizunguke, na usafishe na burashi laini.

IV. MITEGO YA MAJINA

1. Mtego wa "i7". Wengi wanafikiri i7 yote inapita i5 yote, na i5 yote inapita i3 yote. Hapana. Tarakimu zinazofuata alama ya katikati ndizo zinasema kizazi. Core i7-2600 ni ya kizazi cha 2, ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ilitoka mwaka 2022. Zote mbili ziko na viini 4, lakini ile i3 inaishinda i7 ile wazi kabisa ku michezo. Basi mtu akikuambia "Iko i7," umuulize: "Mukubwa, i7 ya ngapi?"

2. Mtego wa giga. Hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Karte GT 730 inauzishwa mara nyingi na maneno "giga 4", na karte GTX 750 Ti iko na giga 2 tu. Zote zilitoka mwaka 2014. Nani ana nguvu? GTX 750 Ti, na mbali sana. Giga za karte ni ukubwa wa ghala, si wingi wa wafanyakazi wala upana wa mlango. Ghala kubwa yenye mlango mwembamba haina faida. Mfano mwingine: GT 1030 iko ya aina mbili chini ya jina moja. Ile yenye memware GDDR5 inapitisha giga 48 kwa segonde. Ile yenye DDR4 inapitisha karibu 17 tu. Soma sanduku mpaka mwisho.

3. Mtego wa herufi. Prosesere ya Intel yenye herufi F ku mwisho, kama i5-12400F, haina picha yake yenyewe. Bila karte grafike ekra itabaki nyeusi. Yenye T inakula umeme kidogo na mbio yake ni ndogo. Ku AMD, Ryzen 5 5600 haina picha, lakini Ryzen 5 5600G iko nayo.

4. Mtego wa ordinatere ya kubeba. Karte ya ordinatere ya kubeba inaweza kuwa na jina lilelile la karte ya mezani, lakini hailingani nguvu. Tena yenyewe kwa yenyewe hazilingani: RTX 4060 ya kubeba inaweza kupewa wati 35 ku mashini moja na wati 115 ku ingine.

5. Mtego wa umri. Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Windows 11 inakubali rasmi prosesere za Intel tangu kizazi cha 8, na za Ryzen karibu zote tangu zile za 2000. Valorant ku Windows 11 inakataa kufunguka bila usalama wa TPM 2.0. Vilevile NVIDIA ilimaliza mwezi wa 10, 2025 kutoa programu mpya za michezo kwa karte za zamani, pamoja na GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti; zinabaki tu na masahihisho ya usalama. Karte zile zingali zinacheza michezo ya zamani. Lakini mwenye kununua leo ajue kwamba ananunua kitu ambacho mwenye kukitengeneza amekwisha kukiaga.

V. NJIA TATU ZA KUCHAGUA

Njia ya kwanza: mashini ya ofisi ya okazyo na karte ndogo. Mashini nyingi za okazyo zilikuwa za maofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Tafuta yenye prosesere ya kizazi cha 8 ao zaidi, kwa mfano Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6 na wati 65. Memware iwe giga 16. Kisha ongeza karte isiyoomba waya wake wa umeme, kama GTX 1650 ya wati 75 ao RTX 3050 ya giga 6.

Lakini mbele ya kununua, angalia mambo matatu. Moja: ukubwa wa sanduku. Ile ndogo kabisa, inayolingana na kitabu, haina tundu la karte grafike; usiinunue kwa michezo. Ile nyembamba inaomba karte fupi ya nusu-kimo. Karte ya kawaida haitaingia. Ile ya mnara inaenea zaidi. Mbili: alimantasyo. Ku mashini nyembamba nyingi ni wati 180 mpaka 260 tu, na waya wa kuongeza umeme ku karte hakuna. Tundu lenyewe, kwa kanuni, linatoa wati 75 zaidi sana, na ku mashini zingine pungufu. Soma karatasi ya mashini. Tatu: karte Radeon RX 6400 inavuta macho juu ya wati zake 53, lakini inatumia njia 4 tu za kupitisha habari. Ku mashini ya kizazi cha 8 njia hizo ziko za mtindo wa zamani, na karte inapoteza sehemu ya nguvu yake.

Njia ya pili: prosesere yenye picha ndani, bila karte. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 iko na viini 6, wati 65, na picha inayotosha kwa michezo ya mpira na ya mashindano ukipunguza uzuri kidogo. Ni njia nzuri kwa mtu anayehitaji mashini kwa masomo kwanza, na ambaye karte ataiongeza mwaka ujao. Jihadhari na jambo moja: picha ya namna hii inakopa memware ya ordinatere. Weka vipande viwili vya giga 8, si kimoja cha giga 16. Milango miwili inapitisha kuliko mmoja, na tofauti utaiona ku ekra. Na tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ya memware ilipanda sana duniani, juu viwanda vilipeleka nyingi ku mashini za akili bandia. Basi uliza bei ya memware mbele ya kuamua njia hii.

Njia ya tatu: mashini mpya ya kuunganisha. Hapa Ryzen 5 5600 ao Core i5-12400F inafaana na RX 6600 ao RTX 4060, kwa ekra ya 1920 kwa 1080. Zote mbili ziko na giga 8. Alimantasyo iwe ya kweli, ya kampuni inayojulikana, wati 500 ao 550. Usipunguze feza hapa. Alimantasyo mbovu ikiungua inaweza kuondoka na karte, karte-mama na kila kitu.

Na RTX 5090? Bei yake ilipotangazwa mwaka 2025 kule Marekani ilikuwa dola 1,999, karte peke yake. Iko nzuri. Lakini ni lori la mgodi. Usilinunue kwa kupeleka nyanya ku soko ya Kenya.

VI. KUPIMA MBELE YA KULIPA

Mwenye duka mzuri hatachukia ukimuambia kwa heshima: "Mukubwa, tuiwashe kwanza." Akikataa, shukuru na uende zako. Akikubali, fuata hii:

1. Angalia kwa macho na harisha kwa pua. Harufu ya kuungua, vipande vilivyovimba, skrubu zilizochakaa: ni alama mbaya.

2. Soma jina la prosesere na karte ndani ya mashini yenyewe, si ku karatasi iliyobandikwa. Programu ya bure GPU-Z inaonyesha karte ni nini kweli. Kuna watu waliochukua karte za zamani kama GTS 450 ya mwaka 2010 na kuziandika ndani jina la GTX 1050 Ti. Tangu mwaka 2018 programu ile inaweza kugundua nyingi za uongo huu. Alama ingine: karibu GTX 1050 Ti zote za kweli hazina tundu la rangi ya bluu la VGA. Ukiliona, simama.

3. Cheza mchezo mzito dakika 20 mpaka 30. Angalia joto, karte ikipita digri 85 ao picha ikianza kuwa na mistari na nukta za ajabu, acha. Dakika mbili hazionyeshi kitu.

4. Jaribu matundu yote ya picha. Na nyumbani ufunge waya wa ekra ku karte, si ku karte-mama. Wako watu waliocheza miezi mingi bila kutumia karte waliyoilipa, juu waya ulikuwa ku tundu lisilo lake.

5. Omba karatasi ya malipo yenye namba ya kipande na siku za garanti.

Na kama uko na mashini tayari na hujui kipi kinakosa nguvu, fanya jaribio hili. Ndani ya mchezo, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720. Wingi wa picha kwa segonde ukipanda sana, basi wafanyakazi walikuwa wamelemewa: karte ndiyo kizuizi. Usipopanda, wafanyakazi walikuwa wanangojea amri: prosesere ndiyo kizuizi, ao memware. Jaribio hili halilipishi hata franka moja, na linaweza kukuzuia kununua karte usiyoihitaji.

MAULIZO YA KUJIBU

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kapita na wafanyakazi. Nani ni prosesere, nani ni karte grafike?

2. Ekra ya 2560 kwa 1440 iko na nukta ngapi? Ni mara ngapi ya ile ya 1280 kwa 720?

3. Mwanafunzi mmoja wa Katuba anapenda eFootball na Counter-Strike 2. Nyumbani kuna batri moja ya voti 12, amperi-saa 100, na ekra ya 1920 kwa 1080. Mashini anayotaka inakula wati 150 pamoja na ekra. Atacheza saa ngapi bila kuharibu batri? Umshauri njia gani kati ya zile tatu, na juu ya nini?

4. Mwenye duka anasema: "Iko i7, karte giga 4, ya mwisho mwisho." Andika maulizo matatu utakayomuuliza mbele ya kutoa feza.

5. Hesabu ya nyumba: chukua karatasi ya umeme ya mwezi uliopita, ao uulize wazazi wanalipa ngapi. Ongeza kilowati-saa 12. Onyesha hesabu ile kwa baba ao mama pamoja na bei ya mashini na ya ondilere, mbele ya kuomba kitu.

Majibu ya ulizo la 2 na la 3 yapelekwe kwa mwalimu wa fizike mbele ya siku ya ine. Ulizo la 5 jibu lake ni la nyumbani kwenu.